Kiungulia miaka minne, na dawa ninameza: mbona moto hauzimi?

BARUA

Salamu, Daktari.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 47, na kazi yangu ni kukaanga na kuuza samaki karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu. Saa kumi na moja alfajiri niko ufuoni Dunga nikingoja mitumbwi. Saa nne asubuhi jiko limeshawaka. Nikifika nyumbani Nyalenda ni saa tatu au saa nne usiku, na hapo ndipo ninapokula chakula cha kushiba, maana mchana sina nafasi. Nikishakula nalala, mwili umechoka.

Kiungulia nilikijua mara ya kwanza nikiwa na mimba ya kitinda mimba wangu. Alipozaliwa kikaisha. Miaka minne iliyopita kikarudi na safari hii hakijatoka. Moto unaanzia hapa chembe cha moyo unapanda mpaka kooni. Nikiinama kuparua magamba, maji machungu yanapanda mdomoni. Usiku naamka nikikohoa kama mtu aliyepaliwa.

Kliniki ya kwanza waliniambia ni alsa. Wakanitoa damu, wakasema nina wale bakteria, wakanipa dawa aina tatu za wiki mbili. Nilipata nafuu kidogo kisha yakawa yale yale. Mwaka uliofuata nikaenda kliniki nyingine, damu tena, bakteria tena, dawa tena. Mwaka jana ikawa mara ya tatu. Kila mara damu inasema bado ninao.

Sasa ninameza omeprazole ya 20. Naimeza usiku nikishamaliza ugali, kwa sababu usiku ndio unaniadhibu. Siku nikijisikia vizuri sinywi, ili nisizoee. Mhudumu wa duka moja la dawa aliniambia niache kabisa, eti zinaua figo. Niliacha. Siku ya nne moto ulikuja mara mbili ya ule wa kwanza, nikazirudia nikiwa na hofu moyoni. Nimejaribu maziwa baridi, magadi, maji ya kabichi, hata mwarobaini. Maziwa ndiyo hunituliza, lakini baada ya saa moja hivi tuko pale pale.

Uliwahi kusema hapa kwamba mtu aandike dawa zake zote, basi hizi hapa, ingawa nadhani hazihusiani: ya presha ni nifedipine, na magoti yakiniuma nanunua diclofenac. Chakula kinashuka vizuri, ila ugali mkavu siku hizi hukwama kidogo kifuani mpaka niusukume kwa maji. Chai napenda ikiwa moto sana, ya kutoka jikoni moja kwa moja.

Kinachoniumiza zaidi ni sauti. Kanisani naimba sauti ya kwanza. Tangu Pasaka sauti imekwaruza, na mwalimu wa kwaya amenihamishia nyuma, kwa upole, lakini nimeelewa.

Daktari, nina hofu. Jirani yangu, mzaliwa wa Bomet, alifariki mwaka juzi akiwa hawezi kumeza hata mate. Walimpeleka hospitali ya Tenwek wakamwekea mpira ndani ya koo ili uji upite. Mume wangu anasema niache kuwaza mabaya. Hospitali moja ya kibinafsi waliniambia kamera ya tumbo ni shilingi elfu kumi na tano, nikageuka nikarudi nyumbani. Kwenye chama nina elfu sita. Rafiki yangu anameza esomeprazole na anasema ni kali kuliko yangu. Hizi elfu sita ninunue hiyo dawa kali, au niende kamera? Na kwa nini dawa inanishinda?

Mama wa Kibuye, Kisumu


JIBU

Dada yangu, umefanya jambo la maana sana kuandika kila kitu. Barua yako ina majibu zaidi ya unavyodhani, na mengine yamo katika zile sentensi ulizopitisha haraka.

Nianze na moja. Umeandika kwamba chakula kinashuka vizuri, halafu papo hapo ukasema ugali mkavu hukwama kifuani mpaka uusukume kwa maji. Basi hakishuki vizuri. Mtu wa miaka 47 ambaye ugali umeanza kumkwama, tena katika sehemu hii ya nchi tunayoishi, haongezewi dawa kwanza. Anaangaliwa kwanza. Kwa hiyo swali lako la elfu sita nimelijibu: pesa ya chama iende kwenye kamera. Esomeprazole ingoje.

Najua neno hilo limekugonga, hasa baada ya yaliyompata jirani yako, kwa hiyo nikueleze vizuri. Saratani ya umio, yaani ule mrija unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni, imeenea katika ukanda wa mashariki mwa Afrika kutoka Ethiopia, kupitia kwetu, hadi Malawi na Afrika Kusini. Bomet imo ndani yake, ndiyo maana madaktari wa Tenwek wamezoea kuweka ule mpira uliouona. Lakini aina ya saratani inayoongoza huku si ile ambayo Ulaya na Marekani huhusishwa na asidi ya tumbo. Ya huku huota hata kwa mtu ambaye hajawahi kujua kiungulia. Miongoni mwa mambo yanayoshukiwa ni tumbaku, pombe na vinywaji vya moto kupita kiasi: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Chai inayotoka jikoni moja kwa moja imepita hapo. Kuanzia leo iache ipoe kidogo. Hilo halina gharama.

Na sasa upande wa pili, ambao ni wa kweli vile vile. Ugali ukikwama, mara nyingi si saratani. Asidi ikiunguza umio kwa miaka, huacha kovu, na kovu hubana njia; daktari anaweza kulipanua akiwa na kamera yake. Umio unaweza kuvimba tu. Kuna ugonjwa unaofanana na mzio, ambapo chembechembe za ulinzi za damu hujazana ukutani mwa umio, chakula kikawa kinakwama. Kuna ugonjwa wa msuli wa chini kushindwa kufunguka, na huo tiba yake si dawa ya asidi kabisa. Magonjwa manne, na kwa barua siwezi kuyatenganisha. Daktari wako hawezi kwa kukupapasa tumbo. Kamera inaweza kwa sehemu kubwa, hasa ikichukua vipande vidogo vya nyama vikaenda maabara.

Usirudi kwa ile elfu kumi na tano kana kwamba ndiyo bei ya dunia nzima. Kaulize bei katika hospitali ya rufaa ya umma. Jaramogi, ile wazee bado wanaita Russia, iko hapo hapo mjini kwenu. Uliza SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, italipa kiasi gani. Ukiona bado umepungukiwa, uliza ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi. Hospitali kubwa za umma huwa nayo, na kazi yake mojawapo ni kusikiliza mgonjwa asiyeweza kulipa. Ukifika kwa daktari, neno la kwanza mdomoni mwako lisiwe "nina alsa". Sema: "Chakula kinanikwama." Maneno hayo mawili yatakusogeza mbele kwenye foleni.

Mume wako mwonyeshe aya hizi. Hakatai kwa ubaya. Anakupenda na anaogopa. Lakini kuangalia hakuleti ugonjwa.

Sasa tuje kwenye dawa, kwa sababu umeuliza swali ambalo wagonjwa wengi huliuliza na hawajibiwi: kwa nini inanishinda?

Ukuta wa tumbo umejaa pampu ndogo sana zinazomwaga asidi. Chakula kikiingia, pampu huamka. Omeprazole huzikamata zile zilizo macho na kuzifunga. Zilizolala haiwezi kuzigusa. Na haikai ndani ya damu muda mrefu: baada ya saa moja hivi nusu yake imeshaondoka. Ukiimeza baada ya ugali, ukalala, inafika pale pampu zimeshamaliza kumwaga na nyingi zinarudi kulala. Ndiyo maana huwa tunasema nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Tena inahitaji siku tatu hadi tano mfululizo ndipo nguvu yake itimie, kwa sababu kila siku inakamata pampu nyingine zaidi. Wewe unapoiruka siku njema unaanza upya kila mara. Hukukosea kwa uzembe. Najua kabisa kwamba ulipewa pakiti iliyoandikwa "1x1" kwa kalamu na hakuna aliyekueleza kitu kingine. Hilo ni kosa letu sisi tunaotoa dawa, na linanikera kila siku ninapokuwa nyuma ya kaunta.

Kwa ratiba yako, fanya hivi: ukianza kuzima jiko jioni, meza. Ukifunga vyombo, ukipanda boda hadi Nyalenda, ukachota ugali, muda umeshatimia. Kila siku, bila kuruka. Usitafune wala kuvunja zile chembe zilizo ndani ya kapsuli, maana ganda lao ndilo linaloikinga dawa isiharibiwe na asidi.

Usidhani ni wewe peke yako. Kati ya watu wanaomeza dawa za aina hii kwa kiungulia, karibu watatu hadi wanne katika kila kumi hawapati nafuu kamili. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani ambao mimi huurudia mara kwa mara kichwani. Walikusanya watu 366 ambao kiungulia chao kilisemekana kimeshinda dawa. Kabla ya jambo lolote wakawapa omeprazole mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, kwa maelekezo makali ya kuimeza kabla ya chakula. Watu 42 wakapata nafuu hapo hapo. Waliobaki wakapimwa kwa kamera na vipimo vingine. Watu 23 wakakutwa na ugonjwa mwingine wa umio kabisa. Na 99 wakakutwa na moto usio wa asidi: neva za umio zilikuwa zikilia bila asidi kuzigusa. Mwishoni, wengine wengi wakiwa wametoka kwa sababu mbalimbali, waliobaki na asidi iliyoshinda dawa kweli kweli walikuwa 78 tu.

Angalia tena hesabu hiyo, dada. Watu 366 wote walikuwa na jina moja la ugonjwa na dawa moja. Ndani yake kulikuwa na magonjwa matatu au manne tofauti. Hapo ndipo tiba ya kiungulia ilipokwama mpaka leo, hata kwa matajiri. Dawa za aina ya omeprazole tunazo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ni nzuri. Tunachokosa ni kumjua kwa hakika mtu ambaye asidi si shida yake, na kitu cha kuuziba mlango.

Nasema mlango kwa sababu maji machungu yanayokupanda ukiinama ni jambo la mlango. Kati ya umio na tumbo kuna msuli wa duara unaopaswa kufunguka chakula kipite, kisha ufunge. Wako umelegea. Omeprazole haiufungi. Inachofanya ni kuyapunguzia makali yale yanayopanda. Kupanda kwenyewe kunaendelea. Ukiongeza dawa mara mbili au ukahamia esomeprazole, moto unaweza kupungua na maji bado yakaja mdomoni. Huko si kushindwa kwa dawa. Ni kazi ambayo haikuumbiwa.

Kwa hiyo mlango tuusaidie kwa njia nyingine, na wewe una mambo yako mahususi. Akina mama wa samaki wengi hujifunga leso kiunoni, mkoba wa pesa ukiwa ndani, imekazwa isije ikafunguka katikati ya soko. Kama nawe wafanya hivyo, ilegeze, au pesa uzivae begani. Leso iliyokazwa inalibana tumbo kama mtu anayekamua chungwa, halafu unainama. Kuparua magamba tafuta meza au kreti ndefu ufanye ukiwa wima. Chakula kikubwa kiwe mchana hata kama ni saa tisa wateja wakipungua, na usiku kula kidogo, kisha ngoja saa mbili au tatu kabla ya kulala. Najua hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwa mtu anayeamka kabla ya jogoo. Likishindikana kabisa, basi angalau kitanda: weka matofali chini ya miguu ya upande wa kichwa, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Mito haisaidii, inakukunja tumbo. Lala kwa ubavu wa kushoto. Tumbo lilivyokaa, ukilala kushoto mlango unakuwa juu ya maji, ukilala kulia maji yanafunika mlango. Uzito hukuutaja. Kama umeongezeka miaka hii minne, kuupunguza kunasaidia kuliko karibu ushauri wowote wa vyakula.

Vyakula vyenyewe sitakuandikia orodha ya kukataza. Nimeona wagonjwa wakikondeshwa na orodha hizo: hakuna pilipili, hakuna nyanya, hakuna maharagwe, mwisho mtu anakula mkate mkavu na bado anaungua. Kinachokuchoma wewe unakijua. Acha hicho, kula vingine. Maziwa yanatuliza kwa muda kisha huamsha asidi zaidi, ndiyo sababu baada ya saa moja mnakuwa pale pale. Magadi yaache kabisa, yana sodiamu nyingi na wewe una presha.

Tufike kwenye dawa mbili ulizodhani hazihusiani. Nifedipine inalegeza misuli ya mishipa ya damu ili presha ishuke, na inaulegeza pia ule msuli wa mlango. Jiulize: ulianza kuimeza lini, na moto ulirudi lini? Usiiache mwenyewe, tafadhali sana. Presha isiyodhibitiwa inaua haraka kuliko kiungulia. Mwambie daktari wa kliniki ya presha kwamba una kiungulia kikali, umuulize kama kuna dawa ya aina nyingine inayokufaa. Zipo.

Diclofenac nayo naomba uiache leo. Inachubua ukuta wa tumbo, inaweza kuunguza umio, inapandisha presha, na inaumiza figo. Umetishwa na omeprazole kwa ajili ya figo na huku diclofenac unanunua kaunta ile ile bila mtu kukuuliza una presha au huna! Kwa magoti tumia paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, na uombe kuonwa na mtu wa mazoezi ya viungo.

Kuhusu hofu yenyewe ya figo: ni kweli dawa za aina ya omeprazole zinaweza, kwa nadra, kuvimbisha figo, na mtu anayezimeza miaka mingi anastahili kupimwa mara moja moja. Lakini utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, wa watu zaidi ya 17,000 waliofuatwa kwa takriban miaka mitatu, nusu wakipewa pantoprazole, ndugu ya omeprazole, na nusu kidonge kisicho na dawa, uliona tofauti moja tu ya wazi: maambukizi ya matumbo yaliongezeka kidogo, kutoka watu 10 hadi 14 katika kila 1,000. Asidi ni askari anayeua vijidudu vya chakula. Kwa hiyo katika mji ambao kipindupindu hutembelea, chemsha maji na unawe mikono kwa bidii zaidi. Hiyo ndiyo tahadhari ninayokupa, kabla ya hiyo ya figo.

Na ule moto ulioongezeka siku ya nne ulipoacha? Haukuwa ushahidi kwamba ugonjwa umezidi. Pampu zikifungwa muda mrefu, mwili hujiandaa kumwaga zaidi. Ukiziachilia ghafla zinafurika. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliwapa watu wazima wenye afya, wasio na kiungulia, esomeprazole, dawa ya aina hii hii, kwa wiki nane. Walipoacha, asilimia 44 walipata dalili za asidi katika wiki zilizofuata, dhidi ya asilimia 15 ya wale waliokuwa wamemeza kidonge kisicho na dawa. Siku ya kuacha ikifika, utapunguza polepole, siku moja ndiyo siku moja hapana, kwa wiki kadhaa. Sio sasa.

Bakteria. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kutuonyesha kwamba bakteria huyu, Helikobakta pilori, ndiye anayeleta vidonda vingi vya tumbo. Ni kweli, na kumtibu ni muhimu. Ila kiungulia cha mlango uliolegea hakimhusu, na ndiyo maana raundi tatu za dawa hazikukitoa. Tena kile kipimo cha damu hutafuta kinga ambazo mwili uliwahi kutengeneza. Hubaki ndani ya damu muda mrefu baada ya bakteria kufa. Huenda ulipona mara ya kwanza, ukatibiwa mara mbili bila sababu. Usikubali raundi ya nne kwa kipimo cha damu. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho kinachojua kama yupo leo, na kabla yake omeprazole husimamishwa wiki mbili, antibiotiki wiki nne. Au daktari wa kamera atachukua kipande akakipima. Mwambie umeshatibiwa mara tatu na kwa dawa zipi.

Sauti yako, dada yangu. Hapa sitakupa ahadi ambayo siwezi kuitimiza. Sauti kukwaruza mara nyingi hutupiwa asidi, watu wakamezeshwa omeprazole miezi na miezi. Uingereza, mwaka 2021, matokeo ya jaribio la watu 346 wenye matatizo ya koo ya muda mrefu yalichapishwa: lansoprazole, ndugu mwingine wa omeprazole, mara mbili kwa siku kwa wiki 16 haikushinda kidonge kisicho na dawa. Wewe una kiungulia cha kweli pamoja na sauti, kwa hiyo huenda ukafaidika kidogo, lakini usingoje dawa pekee ikurudishe mstari wa mbele. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu inahitaji daktari wa masikio, pua na koo aangalie nyuzi zenyewe. Wewe ni tangu Pasaka. Unapopata rufaa ya kamera, omba na hiyo. Na moshi wa makaa na mvuke wa mafuta unaokupiga usoni siku nzima, mweleze. Mwalimu wa kwaya naye mwambie unatibiwa. Nadhani atafurahi kujua.

Je, kamera ikitoka safi? Hilo huwavunja watu moyo, wakaambiwa hawana kitu. Wengi wenye ugonjwa huu, zaidi ya nusu, umio wao hauna hata mchubuko. Ikiwa safi, na umemeza dawa kwa usahihi wiki nane, na moto bado upo, hatua inayofuata ni kipimo cha saa 24: waya mwembamba hupitishwa puani hadi kwenye umio na kurekodi kila asidi inapopanda, nawe unabonyeza kitufe kila unapoungua. Nikueleze bila kuficha kwamba kipimo hicho si rahisi kukipata huku kwetu, na hapo ndipo wagonjwa wa magharibi mwa Kenya wanapokwama: wanaongezewa dozi juu ya dozi kwa sababu hakuna wa kuwaambia kama ni asidi au ni neva. Ikiwa ni neva, dawa kama amitriptyline, inayotumika pia kutibu sonona, kwa dozi ndogo husaidia kutuliza, na haimaanishi una wazimu. Ikiwa ni mlango, kuna upasuaji wa kuzungushia sehemu ya juu ya tumbo kwenye umio ili kuubana. Katika ule utafiti wa Marekani ulifaulu kwa watu 18 kati ya 27, wakati dawa zilizoongezwa zilifaulu kwa 7 kati ya 25. Unahitaji mpasuaji aliyeuzoea na vipimo vilivyothibitisha kwanza. Dawa mpya zaidi, vonoprazan, iliidhinishwa Japani mwaka 2014, na Marekani ikaiidhinisha kwa umio uliounguzwa na asidi mwaka 2023. Haihitaji kungoja chakula, lakini nayo ni ya asidi, haigusi mlango. Usiifukuzie.

Kuna mambo ambayo hayangoji miadi: ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, ukishindwa kumeza hata maji, au kifua kikibana na maumivu yakaenda mkononi au tayani huku unatoka jasho. Hilo la mwisho, kwa mtu mwenye presha, usiliite kiungulia. Ni hospitali usiku huo huo.

Kwa kamera hutakula kuanzia usiku wa kuamkia siku yenyewe; watakueleza saa. Dawa ya presha uliza kama uimeze na maji kidogo. Koo litapuliziwa dawa ya ganzi, huenda ukapewa ya usingizi, na mrija mwembamba utashuka kwa dakika chache. Unapumua kawaida muda wote, ingawa utahisi kutapika. Weka pakiti zako zote kwenye mfuko mmoja, hata ya mwarobaini, uwakabidhi. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, na siku hiyo usiende Dunga wala usiwashe jiko. Wakikupa karatasi ya matokeo, usiache ibaki kwenye faili lao tu. Ipige picha, kisha niandikie maneno yaliyomo, nasi tutaendelea kutoka hapo.